Nauli ya Mashambani: Bei Asiyoijua Msafiri

Majina mawili ya vyombo vya usafiri vya Afrika Mashariki yamehifadhi historia ambayo wasafiri wenyewe wameisahau. Neno matatu, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, lilitokana na mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi ambazo abiria wa Nairobi alimlipa mwenye gari katika miaka iliyokaribiana na uhuru wa Kenya. Daladala nalo lilizaliwa Dar es Salaam katika miaka ya themanini, pale nauli ilipokuwa dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano. Mwanaisimu ataona hapa mfano wa uundaji wa maneno, na ni haki yake kuushughulikia. Lakini lipo jambo jingine. Chombo hakiwezi kuitwa kwa nauli yake isipokuwa nauli hiyo inajulikana na kila mtu, ni ileile asubuhi na jioni, na imedumu muda wa kutosha hata ndimi zikaizoea. Majina haya ni ushahidi kwamba palikuwa na wakati ambapo mtu maskini aliondoka nyumbani akijua kwa hakika safari yake ingemgharimu kiasi gani.

Msafiri wa mashambani leo hana hakika hiyo. Anayetoka kijiji kilicho ndani ya Ganze kwenda Kilifi mjini, au anayetoka pembezoni mwa Mutomo kwenda Kitui, hutia fedha mfukoni kwa kukisia. Asubuhi ya kawaida nauli ni kiasi fulani. Mvua ikinyesha hupanda kwa sababu barabara ina matope. Siku ya soko hupanda kwa sababu abiria ni wengi. Siku isiyo ya soko huweza kupanda pia, kwa sababu abiria ni wachache na gari halijai. Shule zikifunguliwa hupanda. Krismasi ikikaribia hupanda zaidi, na wakati huo hakuna hata anayeuliza sababu. Malalamiko yakizidi, utingo huyajibu kwa sentensi moja: "Leo ni mia mbili." Neno "leo" katika sentensi hiyo limetwikwa kazi ya sheria nzima. Halielezi kilichobadilika, halisemi kesho itakuwaje, wala halina mahali pa kukatiwa rufaa.

Neno nauli lenyewe lilifika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya malipo ya kupakiwa chomboni. Nahodha ambaye angepandisha nauli jahazi likiwa katikati ya bahari angehesabiwa haramia. Utingo afanyapo hivyo kati ya vituo viwili, abiria hushusha pumzi na kutafuta sarafu zaidi katika pindo la leso.

Mjadala kuhusu nauli za mashambani kwa kawaida huishia katika swali la ukubwa: je, ni ghali au si ghali? Swali hilo ni la haki, na jibu lake si gumu. Agizo la mishahara la 2022 lilimwekea mfanyakazi wa shambani asiye na ujuzi kima cha chini cha takriban shilingi 7,544 kwa mwezi. Mfanyakazi huyo akilazimika kulipa shilingi 100 kwenda na shilingi 100 kurudi, siku 26 za kazi zitammalizia shilingi 5,200, zaidi ya thuluthi mbili za mshahara. Huo ni mfano wa hesabu tu, na wapo wanaolipa pungufu ya hapo na wanaolipa zaidi. Hata hivyo, unatosha kueleza kwa nini watu wengi wa mashambani hawaonekani stendi kabisa. Wanatembea. Anayegombana na utingo kuhusu shilingi hamsini ni yule aliyekwisha kupata angalau sehemu ya nauli. Aliyeikosa yote yuko njiani kwa miguu tangu alfajiri, na kelele za stendi hazimhusu.

Fauka ya ukubwa, kuna ubaya wa kutojulikana, na huu ndio ambao haujapewa uzito unaostahili. Mtu maskini hupanga matumizi yake kwa makini kuliko tajiri, kwa kuwa hana akiba ya kufidia kosa. Nauli ghali lakini thabiti anaweza kuikabili: atasafiri mara mbili kwa juma badala ya nne, atashuka njia panda na kumalizia kilomita tatu kwa miguu, au atamtuma mmoja wa jamaa awafanyie shughuli wote. Nauli isiyojulikana humnyang'anya hata uwezo huo wa kupanga. Mfikirie mama mwenye shehena ndogo ya nyanya. Hajui atatozwa kiasi gani yeye mwenyewe, wala hajui kreti lake litatozwa nini, maana mzigo nao una bei yake inayotamkwa papo hapo. Mjini bei ya nyanya inaweza kuwa nzuri au mbaya. Kwa hiyo anabeba mashaka mawili kwa wakati mmoja. Dalali akifika shambani na lori lake akitaja bei duni, mama huyu huuza, naye si mjinga. Ameuza mashaka yake. Wanaoshangaa kwa nini mkulima mdogo hukubali kupunjwa langoni mwa shamba lake wangeanza uchunguzi wao kwenye stendi ya matatu.

Hesabu hiyo haijagusa kipande cha kwanza cha safari. Vijiji vingi haviko kando ya barabara kuu, na kufika barabarani ni kazi ya bodaboda. Chombo hiki kilianza katika mpaka wa Busia kikiwa baiskeli ya kuvusha watu na mizigo. Baada ya serikali ya Kenya kuondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo mnamo 2008, pikipiki zilienea hadi katika vijia vya mbuzi. Zimewasaidia wengi, na hapana haja ya kuzibeza. Lakini bodaboda hubeba mtu mmoja au wawili, hivyo kilomita yake moja aghalabu ni ghali kuliko kilomita ya matatu, na nauli yake huwa ya kupatana kila mara. Mgonjwa hupatana akiwa ameshika tumbo. Msichana hupatana giza likiingia. Katika mapatano ya namna hiyo mmoja wa wapatanao hana la kukataa.

Yafaa pia kuutazama mkondo wa sera za taifa. Mnamo 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na mnamo 2008 ikaanza kugharimia masomo katika sekondari za kutwa. Mnamo Juni 2013 huduma za kujifungua zilifanywa kuwa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Hatua zote hizo zilistahili sifa zilizopata. Hata hivyo, mwanafunzi wa kutwa anayekaa kilomita kumi na mbili kutoka shuleni hulipa kila asubuhi na kila jioni, na jumla ya malipo hayo kwa muhula huweza kuizidi karo iliyofutwa. Mwanamke mjamzito anayepaswa kuhudhuria kliniki mara kadhaa hulipa kwa kila hudhurio kabla hajamwona muuguzi. Karo na ada ziliondolewa kwenye risiti za shule na hospitali zikaachwa barabarani, ambako hazitolewi risiti. Mwanafunzi akikosa shule siku tatu katika juma la mvua, rejista huandika utoro. Hakuna safu ya kuandika nauli.

Lingekuwa kosa kumtwika utingo na dereva mzigo wote huu. Wenye magari wana hesabu yao, na neno "hesabu" katika lugha ya kazi hiyo lina maana maalumu: ni kiasi ambacho dereva humkabidhi mwenye gari kila jioni, siku iwe njema au mbaya. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho ujira wa dereva na utingo. Kwa hiyo siku ya abiria wachache hawana budi kumkamua kila mmoja zaidi, na siku ya abiria wengi hawana budi kufidia jana. Barabara ya vumbi hula magurudumu na springi. Kuna ada ya stendi, kuna mchango wa chama, kuna kijana wa kuitia abiria anayedai chake, na kuna ile noti inayokunjwa na kupenyezwa dirishani kwenye kizuizi cha polisi, ambayo kila abiria huiona na hakuna anayeisema.

Liko pia jambo ambalo mtu wa mjini halijui. Gari la mjini hupata abiria kwenda na kurudi. La mashambani hujaa asubuhi likielekea mjini na kurudi karibu tupu. Jioni hali huwa kinyume chake. Maana yake ni kwamba abiria wa mashambani hulipia kiti chake na pia kiti kitupu cha safari ya kurudi. Ndiyo sababu kilomita ya mashambani huwa ghali kuliko ya mjini ingawa anayeilipa ni maskini zaidi. Ndiyo sababu vilevile ya kurundikana. Ubao unaotandazwa kati ya viti viwili, abiria wanne katika kiti cha watatu, na Probox iliyobeba watu hadi nafasi ya mizigo ni njia ambayo wenye gari na abiria wameipata, bila kuandikiana mkataba, ili kuipunguza nauli. Abiria hulipa kiasi kilichobaki kwa mbavu zake, na wakati mwingine kwa uhai wake.

Kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zililifichua hilo wazi. Matatu ndogo ziliamriwa kubeba abiria 14 badala ya 18, kila kiti kiwe na mkanda na kila gari liwe na kidhibiti mwendo. Hakuna mwenye akili timamu anayetamani hali iliyokuwapo kabla. Lakini viti vinne vilivyoondolewa vilikuwa na nauli zake, na nauli hizo ziligawanywa kwa abiria waliobaki. Serikali iliamuru usalama, abiria akaulipia, na hapakuwa na chombo cha kukadiria alipaswa kuulipia kiasi gani. Hali ilijirudia Machi 2020 wakati wa korona, pale gari la abiria 14 lilipoamriwa kubeba wanane. Nauli zilipanda kwa hoja ya viti vitupu. Agizo hilo lilipoondolewa Agosti 2021 viti vilijaa tena, ila si kila mahali nauli ilikumbuka njia ya kurudi.

Hapa ndipo ubishi wa serikali unapokosa mashiko. Wakuu wake husema mara kwa mara kwamba uchukuzi uko mikononi mwa watu binafsi na kwamba nauli huamuliwa na soko huria. Hoja hii ingekuwa na uzito lau serikali ingekaa mbali na soko hilo. Haikai. Tangu Desemba 2010 bei ya juu kabisa ya mafuta hutangazwa kila mwezi, mji kwa mji, kutoka Mombasa hadi Mandera, hadi senti ya mwisho. Katika bei hiyo mna kodi na tozo chungu nzima: Julai 2023 ushuru wa thamani kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwenye pampu akizidisha senti hamsini anaweza kushtakiwa. Mwenye gari akizidisha shilingi hamsini ameitikia soko.

Matokeo yake yanaonekana katika mwendo wa nauli. Oktoba 2023 lita ya dizeli jijini Nairobi ilifika shilingi 205.47, na nauli zikapanda nchini kote kwa sababu iliyoeleweka na kila mtu. Kufikia Oktoba 2024 lita hiyohiyo ilikuwa shilingi 168.06, pungufu ya takriban asilimia 18. Atakayemwuliza msafiri wa mashambani kama nauli yake nayo ilipungua kwa kiwango hicho mwaka huo atachekwa kabla ya kujibiwa. Bei ya mafuta hupanda ngazi na kushuka ngazi. Nauli inajua kupanda tu.

Je, serikali iamuru nauli ya chini na kuyamaliza? Jibu ni la. Nauli iliyowekwa chini ya gharama humwondoa mwenye gari barabarani, na kijiji kisicho na gari ni masikini kuliko kijiji chenye gari ghali. Wala kurejea kwenye mabasi ya serikali si tiba. Shirika la Mabasi ya Nyayo lilianzishwa mnamo 1986 kwa ahadi ya nauli nafuu, na katika muongo uliofuata likawa limekufa kwa usimamizi mbovu, mabasi yake yakiota kutu. Kuweka kiwango kimoja cha taifa zima, kama Uingereza ilivyofanya ilipoweka kikomo cha pauni mbili kwa safari ya basi katika England kuanzia Januari 2023, kulihitaji hazina ya kuwafidia wenye mabasi, na hata huko kikomo kilipandishwa hadi pauni tatu Januari 2025.

Kinachowezekana kiko karibu zaidi. Tanzania, ambayo magari yake pia ni ya watu binafsi, haijaiacha nauli itamkwe barabarani. Kazi hiyo ilikuwa ya SUMATRA, na tangu 2019 ni ya LATRA. Agizo la mwishoni mwa 2023, kwa mfano, lilitaja shilingi 48.47 za Tanzania kwa kila kilomita kwa abiria wa basi la daraja la kawaida, na mwanafunzi wa daladala akawekewa nauli yake ya shilingi 200. Isidhaniwe kuwa huko ni peponi. Wako makondakta wanaowakwepa wanafunzi kwa sababu ya nauli hiyo ndogo, na njia nyingi za vijijini zimebaki mikononi mwa bodaboda wasiofuata agizo lolote. Lakini abiria wa Tanzania anayetozwa zaidi anajua kwamba ametozwa zaidi, ana karatasi ya kuionyesha, na ana mamlaka ya kuishtakia. Mwenzake wa Kenya ana hisia tu kwamba ameonewa.

Katiba ya Kenya ya 2010 imekwisha kuonyesha pa kuanzia. Jedwali lake la Nne linaupa utawala wa kaunti jukumu la uchukuzi wa umma wa barabarani. Kaunti zimelitekeleza jukumu hilo kwa upande mmoja tu, ule wa kutoza. Kila moja inajua ada inayotoza matatu na bodaboda, lakini ni nadra kukuta afisi ya kaunti inayojua nauli ya njia yoyote iliyo chini yake. Kaunti inaweza kuwaita wenye magari, madereva na wasafiri wa kila njia, gharama zikawekwa mezani pamoja na ile safari tupu ya kurudi, na nauli ya juu kabisa ya njia hiyo ikaandikwa. Mafuta yakipanda ipande kwa kiasi kinachojulikana, na yakishuka ishuke. Kama matope yanaongeza gharama kweli, basi nauli ya masika nayo iandikwe kabla ya masika. Mwenye gari atakayelalamika kwamba anabanwa atapata nafasi ya kuitaja ile noti ya kwenye kizuizi, na huenda kikao hicho kikawa cha kwanza ambapo gharama hiyo itaingizwa katika hesabu ya mtu.

Mwanafunzi anahitaji jambo la ziada, kwa maana hata nauli ya haki huenda ikamshinda. Fedha za basari za kaunti hulipwa shuleni kwa jina la karo. Kwa mwanafunzi wa kutwa ambaye karo yake ni ndogo na nauli yake ni kubwa, msaada huo hufika mahali pasipouma. Sehemu yake ingeweza kulipwa moja kwa moja kwa chama cha ushirika cha wenye magari ya njia hiyo, na mwanafunzi akapewa kitambulisho cha kusafiria. Mpango huo hauhitaji akili za kigeni. Unahitaji daftari na uaminifu, na inakubalika kwamba cha pili ndicho adimu.

Ubao wa nauli uandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani atazisoma. Kwa wataalamu wa lugha hii si jambo la pembeni. Istilahi zimeundwa kwa bidii kwa ajili ya bunge, mahakama na maabara, ilhali stendi, ambako Kiswahili huzungumzwa kutwa kucha, haina hata ubao mmoja ulioandikwa kwa ajili ya msafiri. Maandishi pekee yanayomhusu huwa ni ya kumkataza kufanya haja ukutani.

Kila mwaka bunge la kaunti hupitisha sheria ya fedha, na jedwali la sheria hiyo hutaja ada ya kila gari linalotumia stendi, la abiria 14, la abiria 33, na basi kubwa, kila moja kwa kiasi chake. Nauli anayotozwa abiria wa magari hayohayo inaweza kuandikwa katika safu inayofuata.